Kambi Iliyomngoja Miriamu

Somo la wiki: Hesabu 12:10–15, Mambo ya Walawi 14:1–32, Marko 1:40–45

Tangu mwaka 2021 kila mwaka umekuja na nchi yake. Agosti 2021 ilikuwa Guinea. Julai 2022 ilikuwa Ghana. Mwaka 2023 zikawa mbili, Guinea ya Ikweta mwezi Februari na Tanzania yetu mwezi Machi. Septemba 2024 ikawa Rwanda, na Novemba 2025 Ethiopia, katika mji wa Jinka ulio kusini mwa nchi hiyo. Zote hizo zilikuwa zinatangaza mlipuko wa Marburg kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kwa hiyo mama mmoja akinisimamisha mlangoni mwa kanisa baada ya ibada na kuniuliza, "Mchungaji, ugonjwa huu utatufikia tena?" simwambii kwamba anaogopa bure. Katika milipuko iliyopita ugonjwa huu umeua kuanzia robo ya walioupata hadi karibu tisa kati ya kumi. Kuuogopa ni akili.

Ninachotaka tukitazame wiki hii ni swali ambalo hofu hiyo hutufanya tuulize. Nchi mpya ikitajwa redioni, kabla hata hatujajua dalili, simu zimeshajaa ujumbe wa sauti unaouliza: nani kauleta? Mvuvi wa kisiwa gani? Dereva wa lori la wapi? Mgeni wa nyumba ya nani? Wataalamu wa afya nao huuliza hivyo, na wana haki, maana wanamtafuta kila aliyemgusa mgonjwa ili awahiwe. Swali hilohilo likishuka mtaani hugeuka. Mtaalamu anamtafuta mtu ili amtibu, mtaa unamtafuta ili umkimbie, na mtu huyo akishapatikana hakuna anayefikiria atarudi lini nyumbani kwake na kwa njia gani.

Habari ya Miriamu wengi wetu tumeihubiri tukiishia kwenye kosa lake. Alimsengenya Musa kwa sababu ya mke wa Kikushi, akapatwa na ugonjwa wa ngozi, mwili ukawa mweupe kama theluji, akatolewa nje ya kambi siku saba. Hapo mahubiri huisha, na washarika hurudi nyumbani wakiwa wameonywa kuhusu ulimi. Lakini mwandishi wa Hesabu ameongeza jambo moja ambalo hakulazimika kuliongeza: watu wote hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa kambini. Kumbuka walikuwa njiani kwenda nchi ya ahadi. Kumbuka pia ukubwa wao: mwanzoni mwa kitabu hichohicho wanaume wa kufaa vitani peke yao wamehesabiwa 603,550. Umati huo wote, pamoja na wanawake, watoto na mifugo, ulikaa Haserothi wiki nzima kwa ajili ya mwanamke mmoja mgonjwa aliyekuwa nje. Waliokuwa na haraka walitulia, na hema hazikung'olewa.

Kambi ile ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Ilimtenga kwa kadiri yote iliyotakiwa, bila kumwonea haya hata kama alikuwa dada wa kiongozi. Na ilimngoja. Sisi la kwanza tunalijua, tena tukiogopa tunalifanya kwa ziada. La pili hatujajifunza.

Kabla sijaendelea, nimjibu msomaji ambaye tayari amefikia hitimisho jingine. Miriamu alipigwa kwa kosa, hivyo je, waliopata Marburg nao wana kosa lao? Hapana. Watu walipomletea Bwana Yesu habari za misiba ya siku zao, yeye mwenyewe alitaja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa wazo kwamba walikuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Virusi vya Marburg hukaa ndani ya popo wa matunda waishio mapangoni na migodini, na popo huyo hana habari na maadili ya mtu anayeingia pangoni kutafuta riziki. Watu wa kwanza kutambuliwa na sayansi kuwa na ugonjwa huu walikuwa Wazungu: mwaka 1967, katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani na Belgrade huko Yugoslavia, wafanyakazi wa maabara waliohudumia tumbili kutoka Uganda waliugua, na maambukizi yakafika watu 31, ambao 7 kati yao walifariki. Hakuna aliyedai kwamba Mungu alikuwa anauhukumu mji wa Marburg.

Tuseme pia wazi jinsi unavyoenea, kwa sababu mchungaji asiyelijua hilo ataliumiza kundi. Mtu huupata kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho au majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu, au vitu vilivyochafuliwa na majimaji hayo. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa. Ambaye dalili hazijamwanza bado hamwambukizi mwenzake. Ndiyo maana aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21, na zikipita salama anaachiwa. Kutengwa huku kuna mwanzo na kuna mwisho, na mwisho wake umehesabiwa. Walawi sura ya 13 ina utaratibu wa namna hiyo. Kuhani anatazama, anamtenga mtu siku saba, anamtazama tena, na akibaki na shaka anaongeza saba nyingine. Haruhusiwi kuamua kwa kusikia. Lazima aende aangalie kwa macho yake, na aangalie zaidi ya mara moja.

Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko wilayani Bukoba, mkoani Kagera, watu walianza kufa kwa homa, kutapika na kutokwa damu. Serikali ilitoa taarifa ya ugonjwa usiojulikana, na tarehe 21 Machi Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba maabara ya taifa imethibitisha ni Marburg. Walioupata walihesabiwa tisa, mmoja wao bila kuthibitishwa na maabara. Sita walifariki, mhudumu wa afya mmoja akiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani siku 21 mara mbili.

Tisa kutoa sita ni watatu. Nchi nzima ilikariri idadi ya waliofariki, na ilikuwa sawa kuikariri, maana walikuwa watu wetu. Watatu waliopona hawakuimbwa na mtu. Tangazo la kwisha kwa mlipuko lilikuwa habari njema kwa taifa, na lingepaswa pia kuwa mwaliko kwa kila kanisa na kila msikiti wa Kagera kuuliza: walio hai wametoka wodini, tunawarudishaje?

Mkoa wa Kagera una sababu ya kulijibu swali hili kwa kina kuliko mikoa mingine. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa huko. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda, maana lile swali la nani kauleta lilikuwa limeshajibiwa mtaani kabla hospitali hazijalijibu. Miaka mingi iliyofuata, mtu kutoka Kagera aliyekohoa ndani ya basi mbali na kwao alitazamwa mara mbili. Ndani ya mkoa wenyewe kuna wagonjwa waliolishwa kwa sahani yao peke yao mpaka siku ya kufa. Makanisa mengine yalikuwa upande wa waliohukumu, na hilo lazima lisemwe. Lakini katika vijiji hivyohivyo waliinuka pia watu waliochukua watoto yatima wa majirani, na Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT ikaanzisha huduma ya watoto hao, HUYAWA, ambayo imesomesha na kutunza wengi. Kwa hiyo tunayo kumbukumbu ya kuhukumu na tunayo kumbukumbu ya kupokea, zote ndani ya miaka ambayo wazee wetu wa kanisa waliiishi. Hatuanzi kutoka sifuri.

Kuna anayeweza kudhani kwamba kumfikiria aliyepona ni jambo la baadaye, la kufanywa hatari ikishapita. Mimi naona ni kinga ya mwanzo kabisa, na nitaeleza kwa matukio mawili ya mwaka 2019, wakati wa mlipuko mkubwa wa Ebola, ugonjwa wa jamii moja na Marburg, mashariki ya Kongo, mahali ambako watu huabudu, huuguza na huzika kwa Kiswahili.

La kwanza linamhusu mchungaji. Alitoka upande wa Bukavu akaenda Butembo, mji uliokuwa katikati ya ugonjwa, akahubiri makanisani na kuwaombea wagonjwa akiwawekea mikono. Akaugua. Akapanda basi la kwenda Goma, safari ya takriban kilomita 200, akiwa na abiria wengine kumi na wanane, akapita vituo vitatu vya ukaguzi wa afya. Kwenye vituo hivyo aliandikisha majina tofautitofauti, na maofisa waliona ni dalili ya kutaka kuficha ugonjwa wake. Tarehe 14 Julai alifika Goma, jiji la watu zaidi ya milioni moja lililopakana na Gisenyi ya Rwanda. Kituo cha afya kilimtambua upesi, akarudishwa Butembo kwa matibabu, akafariki. Siku tatu baadaye, tarehe 17 Julai, Shirika la Afya Duniani lilitangaza Ebola ya Kongo kuwa dharura ya kimataifa, na katika tangazo hilohilo likazisihi nchi zisifunge mipaka yao.

Ni rahisi kumlaumu ndugu yule, na jina lake halina haja ya kutajwa hapa. Mimi nikiisoma habari yake naona mtu aliyefanya kwa wagonjwa kile alichofundishwa kufanya, kisha akaogopa kuwa mgonjwa mwenyewe. Katika miezi ile vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshashambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun alikuwa ameuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Watu wengi waliamini kwamba anayeingia kituoni hatoki. Mtu anayeamini kwamba mlango wa kutengwa hufungwa mara moja tu, kwa nje, atadanganya jina lake kwenye kila kizuizi barabarani.

La pili ni la familia. Mama mmoja wa Kikongo aliyeolewa Uganda alivuka kwenda kwao kumuuguza baba yake, ambaye naye alikuwa mchungaji. Mzee alifariki kwa Ebola. Njiani kurudi, familia ilizuiwa Kasindi karibu na mpaka, kwa kuwa baadhi yao walikuwa na dalili, wakaambiwa wasubiri kutengwa. Baadhi waliondoka wakapita njia za panya wakaingia wilaya ya Kasese. Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ikathibitisha kwamba mtoto wao wa miaka mitano ana Ebola. Mtoto alifariki, kisha bibi yake, kisha mdogo wake wa miaka mitatu. Maelfu ya wahudumu wa afya wa Uganda walikuwa wameshachanjwa kwa tahadhari, na ugonjwa haukuenea nchini humo.

Mpaka ule watu wa huko wanauvuka kwenda sokoni, kwenda msibani, kwenda harusini. Shangazi yuko Kasese, mjomba yuko Beni. Familia ile ilifanya kile ambacho familia zetu hufanya mambo yakiharibika: ilikimbilia nyumbani. Je, kama wangekuwa wanamfahamu mtu mmoja tu, jirani, mwalimu, mama wa kwaya, aliyeingia wodi ya Ebola akatoka akaishi vizuri na watu wake, wangesubiri pale Kasindi? Naamini wangeweza kusubiri. Aliyerudishwa vizuri ni ushahidi kwa mgonjwa wa kesho kwamba inafaa kujitokeza leo. Tunapompa mgongo aliyepona, tunamfundisha mwenye homa ajifiche.

Tena zamani swali hili lilikuwa dogo kwa sababu waliopona walikuwa wachache. Yambuku mwaka 1976, katika mlipuko wa kwanza wa Ebola nchini Kongo, waliugua watu 318 na wakafa 280. Sasa mambo yamebadilika. Mlipuko ule wa mashariki ya Kongo, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliua watu 2,287, lakini uliacha waliopona zaidi ya 1,100. Rwanda mwaka 2024 ilipata wagonjwa 66 wa Marburg, wengi wao wahudumu wa afya, na waliofariki walikuwa 15. Wagonjwa wawili waliokuwa wakipumua kwa mashine walitolewa kwenye mashine hizo wakiwa hai, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilisema halijawahi kuonekana barani Afrika kwa wagonjwa wa Marburg. Bado hakuna chanjo wala dawa ya Marburg iliyopitishwa rasmi, lakini uangalizi wa mapema unaokoa. Tutakuwa na majirani waliopona, na kila mmoja wao atasimama siku moja kwenye njia panda ya kijiji akitazama nani atamfuata.

Sasa tufungue Walawi 14, sura ambayo sijawahi kusikia ikisomwa katika ibada ya Jumapili. Ni sura ya kumrudisha mtu. Inaanza kwa mwendo: kuhani ndiye anayetoka nje ya kambi kwenda kwa aliyepona. Mgonjwa hatakiwi kuja langoni kujieleza mbele ya watu wenye mashaka. Mtu wa Mungu anatoka, anakwenda kule aliko, anathibitisha kwa macho yake kwamba ugonjwa umekwisha, kisha ndipo ibada inaanza. Ndege wawili wanaletwa, mmoja anachinjwa na mwingine anaachiwa aruke mbugani. Aliyepona anafua nguo, ananyoa, anaoga, anaingia kambini, ila anakaa nje ya hema lake siku saba nyingine. Siku ya nane anasimamishwa mlangoni pa hema ya kukutania, mahali pa hadhara kuliko pote, na kuhani anampaka damu ya sadaka na mafuta kwenye ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono na kidole gumba cha mguu. Haruni na wanawe walipowekwa kuwa makuhani walipakwa damu mahali hapohapo. Aliyekuwa nje ya kambi anarudishwa kwa heshima inayofanana na ya kuhani.

Na kuna maskini. Sheria inatambua kwamba aliyekuwa mgonjwa anaweza kuwa hana kitu, ikampunguzia: mwana-kondoo mmoja, na hua wawili kwa kadiri awezavyo kupata. Hili linanigusa kwa sababu ya jambo ambalo taarifa za mlipuko hazikawii kulipita. Mtu akipelekwa wodi ya Ebola au Marburg, godoro lake, mashuka na nguo alizougulia mara nyingi huchomwa moto. Shamba halijapaliliwa. Genge limefungwa. Akitoka anapewa cheti cha kuthibitisha kwamba amepona, na cheti hicho ni kizuri, lakini mtu hawezi kukilalia.

Nimesema kuhani alitoka nje ya kambi. Wapo waliotoka wakabaki hukohuko. Mwaka 2000 Ebola ilipozuka Gulu kaskazini mwa Uganda, daktari Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, alikuwa Kampala masomoni. Alirudi, akautambua ugonjwa, akapanga wodi, akawaongoza wauguzi waliokuwa wanaona wenzao wakifa. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Na mwaka 2022, Ebola ilipozuka Mubende, Mtanzania mwenzetu daktari Mohammed Ali, aliyekuwa akisomea upasuaji nchini Uganda, aliambukizwa, akafariki Fort Portal tarehe 1 Oktoba. Mmoja alikuwa Mkristo na mwingine Mwislamu, na wote wawili walikwenda pale alipokuwa mgonjwa. Mtu akiniuliza ukuhani wa zama hizi unafananaje, nitaanza na majina hayo.

Kongo ilitufundisha jambo jingine ambalo ningependa lihubiriwe kila mahali. Beni na Butembo, karibu na vituo vya matibabu, kulikuwa na nyumba za kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini. Watoto hao huenda walikuwa wameshaambukizwa, kwa hiyo mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuwabeba ovyo. Waliowabeba, kuwalisha na kuwabembeleza walikuwa waliopona Ebola, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Walewale ambao mtaani watu waliogopa kuwapa mkono ndio waliokuwa na uwezo wa kumkumbatia mtoto ambaye hakuna mwingine angethubutu kumkumbatia. Kuna zaidi ya hilo. Moja kati ya dawa mbili zilizoonyesha mafanikio katika majaribio ya mwaka 2019, majaribio yaliyosimamiwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kwa waliowahi kufika kituoni, dawa hizo mbili ziliokoa takriban tisa kati ya kumi. Damu ya aliyetengwa Kikwit ilikuwa inawaponya watu wa Beni miaka ishirini na zaidi baadaye.

Lazima niseme na lililo gumu, maana upendo usiosema kweli huua. Kwa wanaume waliopona, virusi vinaweza kubaki kwenye shahawa kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Ndiyo maana hushauriwa kutumia kondomu na kupimwa tena na tena mpaka majibu yawe safi. Mchungaji ambaye haya humzuia kulitamka neno hilo kwa wanandoa walioko mbele yake amewaacha gizani. Kumrudisha mtu hakumaanishi kujifanya hakuna cha kuangalia. Hata Walawi 14 ilimruhusu aliyepona aingie kambini huku ikimwambia akae nje ya hema lake siku saba. Anakuwa ndani, pamoja na watu, na tahadhari inaendelea. Kumsalimia, kuketi naye kwenye benchi, kula naye, kununua ndizi zake, kumrudisha kwenye kwaya, hayo hayana hatari.

Januari 2025 Marburg ilirudi Kagera, safari hii Biharamulo. Rais Samia Suluhu Hassan alilitangaza jambo hilo Dodoma tarehe 20, akiwa pamoja na mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa kumi, wawili waliothibitishwa na maabara na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walifariki. Mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Katika habari hiyo hakuna aliyepona wa kumrudisha. Lakini kuna nyumba. Kuna waliokuwa wakifuatiliwa siku 21 huku majirani wakipita mbali. Nao wanahitaji kuhani atoke nje aende kwao.

Kwa nyumba hizo naomba tufanye jambo moja ambalo desturi yetu inalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Ugonjwa kama huu huzuia matanga. Maiti haioshwi na ndugu, jeneza halifunguliwi, watu hawalali msibani, na wote hao wanatii kwa uchungu kwa sababu mwili wa marehemu wa Marburg huambukiza. Ni sawa watii. Lakini siku 42 zikiisha, twendeni. Tuketi ukumbini na kwenye mikeka kama tulivyopaswa kuketi, tuwape rambirambi, tumtaje marehemu kwa wema wake, wanawake walie kilio ambacho hawakukilia. Msiba unaweza kuahirishwa. Hakuna sheria ya afya iliyosema ufutwe.

Yule mwenye ukoma wa Marko sura ya kwanza alimjia Yesu akipiga magoti, na Yesu akamgusa, kisha akamwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani na kutoa sadaka aliyoiamuru Musa. Yaani apitie Walawi 14. Bwana hakuridhika na ngozi iliyotakata, alitaka mtu arudishwe rasmi mbele ya jamii yake. Marko anamalizia kwa kusema kwamba baada ya hapo ni Yesu mwenyewe ambaye hakuweza tena kuingia mjini waziwazi, akawa anakaa nje, mahali pasipo watu. Yule wa nje aliingia ndani, na Yesu akakaa nje badala yake.

Kwa wachungaji na wainjilisti wenzangu: kugusa kwa Yesu si ruhusa kwetu ya kuwawekea mikono wenye homa wakati wa mlipuko. Mtumishi wa yule akida wa Kapernaumu aliponywa na Bwana akiwa mbali, bila kuguswa. Tangazo likitoka, tuombe tukiwa tumesimama mbali, tuache kupeana mikono ya amani, tuweke ndoo za maji na sabuni kwenye kila mlango wa kanisa, na mwenye homa tumsindikize kwa simu mpaka hospitali imchukue. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Kwa wazee wa kanisa nina ombi la kikao chenu kijacho, na ninaomba lifanyike sasa ambapo hakuna ugonjwa. Amueni majina. Nani atampigia simu kila siku mtu aliyetengwa, hata kama siku hizo ni 21? Nani atapalilia shamba lake na kulisha kuku wake? Nani atatembea naye kutoka barabara kuu mpaka mlangoni kwake siku atakayotoka wodini, mchana kweupe, majirani wakiona, na nani atasimama naye mbele ya madhabahu Jumapili ya kwanza? Andikeni majina hayo kwenye daftari la usharika. Kisha mweke fungu kwenye bajeti, hata likiwa dogo, kwa ajili ya godoro, mashuka na jozi mbili za nguo, ili fedha ziwepo kabla ya mtu wa kuzihitaji hajajulikana ni nani.